Shangazi, tulale melini siku ngapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 57, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Mwaka huu tumetimiza miaka 30 ya ndoa. Binti yetu mkubwa anafanya kazi Dubai na ametupa zawadi ya safari ya meli ya kitalii inayoanzia huko huko, Februari, tiketi zote juu yake. Ameleta machaguo matatu: kulala siku tatu, saba au 14. Mzee wangu anataka 14, anasema bahati haiji mara mbili. Mimi nataka tatu, maana boti ya kwenda Unguja tu ilinitapisha njia nzima, nikashuka nimeshikwa mkono kama mgonjwa. Nina presha pia. Chumba chenyewe nimeonyeshwa picha, hakina hata dirisha, na mzee alihamia huku na wizara mwaka 2017 mimi nikabaki Dar nafundisha, nimemfuata mwaka jana tu. Binti anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nisaidie, tuchague ngapi? – Mama wa Nzuguni*

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa miaka 30.

Niliposoma barua yako mara ya kwanza nilidhani ni ya bahari. Niliporudia nikakwama kwenye lile dirisha. Nitalifikia. Kwanza tumalize habari ya maji.

Hizo siku tatu zako mimi nilizilala. Miaka kadhaa iliyopita mdogo wangu anayeishi Durban alinialika. Meli hutoka pale wakati wa kiangazi cha huko, zinakwenda pwani ya Msumbiji na kurudi. Tulipanda Ijumaa mchana, baada ya foleni ya mizigo, foleni ya pasipoti, na mazoezi ya kujiokoa ambayo huwezi kuyakwepa hata ukisema unaumwa mguu. Usiku bahari ikachafuka. Jumamosi nzima sikuiona. Nililala chali na ndoo ya takataka kifuani, kijana wa usafi akaniletea tofaa la kijani na biskuti kavu, akasema kula polepole, mama. Jumapili saa sita mchana nikaamka mzima kabisa. Njaa niliyokuwa nayo ningemaliza mbuzi. Nikapanda juu, nikala, nikakaa juani, upepo unapiga, nikajisemea kumbe ndiyo hii! Jioni ile ile likatoka tangazo: mizigo yote iwe nje ya mlango kabla ya saa sita usiku, kesho asubuhi tunashuka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Melini, ya tatu wanakupa begi lako.

Watu wengi wanaosumbuliwa na bahari, mwili huzoea baada ya siku mbili au tatu. Maana yake wewe, unayeogopa kutapika, umechagua safari inayoisha pale tumbo linapotulia. Umetaka uteseke kidogo, na utateseka zote.

Tena hesabu yao ni ya usiku. Siku ya kwanza mnapanda mchana mmechoka, siku ya mwisho mnashushwa asubuhi baada ya chai. Kwa hiyo "siku tatu" ni mbili kamili, na "siku saba" ni sita. Weka na safari yenyewe: treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar saa nne hivi, ndege hadi Dubai karibu saa sita, na lazima mfike siku moja kabla, maana meli haingoji mtu aliyechelewa ndege. Ukichanganya na kurudi, utakuwa umesafiri siku nyingi kuliko ulizolala baharini. Huko ni sawa na kwenda Mwanza kunywa chai.

Sasa 14 za mzee. Kuna swali moja ambalo binti amuulize wakala, na ajibiwe kwa maandishi: hizo 14 ni njia moja ndefu, au ni duara la siku saba linalorudiwa mara mbili? Nauliza kwa sababu meli za msimu wa Ghuba, ambao ni miezi ya baridi, Novemba hadi Machi hivi, nyingi huzunguka wiki moja moja: Dubai, Abu Dhabi, Doha, Muscat, halafu zinarudi zilipotoka na kupakia watu wapya. Ukinunua wiki mbili kwenye meli ya namna hiyo, wiki ya pili unaona bandari zile zile na kuchekeshwa kwa vichekesho vile vile. Mzee huenda hajui. Anadhani 14 ni kwenda mbali mara mbili zaidi.

Halafu kuna fedha ambazo hazimo kwenye "tiketi zote juu yake". Meli nyingi kubwa hukata bakshishi ya wahudumu kwa kila kichwa, kila siku, dola 12 hadi 20, isipokuwa kama tiketi imeshaijumlisha. Chukua 15 tu: watu wawili kwa siku 14 ni dola 420, zaidi ya shilingi milioni moja, kabla hamjanunua hata soda. Vinywaji vya baa ni pesa yenu, bando la intaneti la melini ni pesa yenu na si la bei ya kwetu, matembezi ya kushuka bandarini ni pesa yenu. Bili hiyo mtailipa ninyi au atailipa binti kimyakimya, na mtoto anayewatunza hivyo huwa hasemi amebakiwa na nini. Kama mzee ana mizabibu, kama wastaafu wengi wa Dodoma, aniambie pia nani atakaa shambani. Zabibu za Machi hazijui kwamba mwenye shamba yuko Doha, na ndege wanaozidonoa nao hawajui.

Kwa hiyo upande wa bahari mimi nasema saba, bila kusita. Siku mbili za kuzoea, na nne zinazobaki ni za kufurahi kweli. Njia hiyo ina bandari karibu kila siku, hamtakaa muda mrefu mnatazama maji matupu, na Ghuba imezungukwa na nchi kavu, mara nyingi hutulia kuliko ile bahari iliyonifundisha adabu Durban. Mkifika Muscat, meli hufunga gati Mutrah, soko la zamani liko umbali wa kutembea kwa miguu. Ingieni. Msishangae kusikia mzee mwenye kanzu anamkemea mjukuu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha wabunge wetu. Watu wengi wa Oman wana asili ya Unguja na Pemba, tangu enzi za Sultani Said aliyehamishia makao yake Unguja karne ya 19. Mimi ningekwenda kwa ajili ya siku hiyo moja.

Haya, dirisha.

Umeandika kirefu kuhusu kutapika. Chumba umekipa maneno machache, halafu hapo hapo, bila hata nukta ya kupumulia, ukaingiza mwaka 2017. Mkono wako ulijua unachoandika kabla yako.

Wa kundi lenu nawajua. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa dhati, mwaka 2016 na iliyofuata, nyumba nyingi zilikatwa katikati. Mmoja akafuata ofisi, mwingine akabaki Dar na shule, watoto, mikopo. Ijumaa jioni mabasi yakajaa kina baba wenye mabegi madogo. Anafika amechoka, anapikiwa anachokipenda, Jumapili anaondoka. Miaka yote hiyo hamkuwa na muda hata wa kugombana vizuri. Ukiwa na mume saa 36, nani atazipoteza kwa ugomvi wa taulo? Wewe ukajifunza kulala katikati ya kitanda. Yeye akajifunza kulala na redio, au kuamka saa kumi, au kula saa kumi na mbili jioni kama kuku. Sijui lipi, ila najua lipo.

Sasa mmekaa pamoja mwaka mmoja, na nyumba ya Nzuguni inawasaidia. Kuna sebule, kuna uani, kuna jirani wa kumchungulia, kuna soko. Melini hakuna uani. Chumba cha ndani kwenye meli hizi ni mita za mraba 15 hivi, choo na bafu humo humo. Ukizima taa huwezi kujua kama ni saa nane usiku au saa nne asubuhi. Ni kitanda, kioo, kabati na mwanamume.

Ningekuwa wewe ningeogopa pia, na ningesema naogopa bahari. Ni rahisi kusema.

Lakini mzee naye usimhukumu kwa hizo 14. Mtu aliyekula miaka ile yote kwa mama ntilie, akarudi jioni kwenye chumba cha kupanga chenye kiti kimoja, ukimwambia atakaa na mkewe wiki mbili bila mtu kubisha hodi, atasema 14. Angeambiwa 40 angesema 40. Huenda anajaribu kulipa deni, na amekuta mahali pa kulilipa kwa mkupuo. Wewe deni hilo hulidai kwa haraka hivyo. Unataka alilipe kidogo kidogo, huku ukipata pa kupumulia. Hilo halijasemwa kati yenu, ndiyo maana mnabishana kwa tarakimu.

Basi fanya hivi. Mwambie binti hamtaki siku 14, mnataka saba zenye kibaraza. Aulize: fedha za siku 14 kwenye chumba kisicho na dirisha zinaweza kutupatia saba kwenye chumba chenye mlango wa kutokea nje? Mara nyingi bei hizo mbili hukaribiana. Mzee akiwa anakoroma, wewe utakaa nje na chai yako unatazama maji yakipita. Na kwa tumbo lako, aombe chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini chini kadiri vibaraza vinavyopatikana. Mbele, nyuma na juu kabisa ndiko kunakoyumba zaidi. Kutazama mstari wa mbali ambako maji yanakutana na mbingu kunasaidia pia, na hilo bila dirisha huliwezi.

Mkiwa huko, msishindane kukaa pamoja. Mle chai pamoja, kisha kila mtu aende zake hadi mchana; meli hizi ni kubwa, mtu anaweza kupotea humo asubuhi nzima. Lakini mwambieni mzee mapema, wewe na binti, asije akadhani umemkimbia.

Kabla ya kumjibu binti, mwezi bado una siku, pandeni treni, pandeni boti, mkalale Unguja siku mbili. Nyumba ya wageni, si kwa shemeji. Safari hii nenda na dawa ya kichefuchefu, umeze mapema kabla boti haijaondoka, si baada ya kuanza kutapika, na mwambie mfamasia kuhusu presha yako kabla hajakupa chochote. Mtajaribu tumbo na mtajaribu chumba kimoja kwa mkupuo. Mkigombana, afadhali Unguja; boti za kurudi zipo kila siku.

Mengine ni ya haraka. Pasipoti ziwe na zaidi ya miezi sita mbele. Viza ya Dubai iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikifika Muscat mmeshatoka nchi na mnarudi. Na wakala awaambie masharti ya kila bandari kwa pasipoti ya Tanzania, si kwa pasipoti ya Kizungu. Dawa za presha chukua za siku zote na za wiki moja zaidi, ziwe kwenye begi la mkononi, maana lile kubwa linachukuliwa gatini na linaweza kukufikia chumbani jioni. Daktari yupo melini, ila analipwa, na si kidogo. Mkate bima ya safari.

Mzee ndiye wa kuanza naye, kabla ya binti. Usimweke kitako sebuleni, atadhani kuna msiba. Nenda naye shambani, au kama hana shamba mkute anapofagia uwanja, mikono yake ikiwa na kazi. Mwambie ile ya dirisha.