Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa mgonjwa ufungwe wapi kitandani?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nimepewa kazi ya kurekebisha vitanda 12 vya wodi ya wagonjwa wa akili. Wanataka nichomelee pete za nondo ya milimita 10 ubavuni, za kufungia mikanda mgonjwa anapochachamaa. Fremu ni skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene wa ukuta 1.5. Pete hizo zitatosha, au niweke nondo nene zaidi? — Fundi, Morogoro

JIBU: Fundi, nondo yako inatosha na kubaki. Kitakachoshindwa ni paipu. Ili nondo ya milimita 10 ishike vizuri unahitaji moto ambao ukuta wa milimita 1.5 hauuwezi. Ukiupunguza ili usitoboe, weldi inakaa juu juu: kwa macho ni nene, ndani haijashika. Tena mgonjwa anayefurukuta havuti mara moja akaacha. Anavuta na kulegeza, huku na huku, usiku kucha, na ufa unaanzia pembezoni mwa weldi, chini ya rangi, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Nondo nene zaidi itaongeza tatizo, kwa sababu itadai moto mwingi zaidi.

Acha kuchomelea, funga kwa boliti. Kata bamba la chuma la milimita 6, upana 80, urefu 85. Toboa matundu mawili ya milimita 10.5, milimita 20 kutoka ukingo wa juu, yaachane kwa milimita 50. Ukingo wa juu wa bamba ukiwa sawa na mgongo wa paipu, boliti zitapita katikati ya kimo cha paipu, na hapo ndipo tundu linapoipunguzia paipu nguvu kidogo kuliko mahali pengine. Chini ya paipu, weka mwanya wa kupitishia mkanda wa milimita 50: toboa matundu mawili ya milimita 12, vitovu vyake viachane kwa milimita 43, kisha kata kati yake. Utapata mwanya wa 55 kwa 12. Tunapendelea mwanya bapa kuliko pete kwa sababu mkanda unalala wote. Kwenye pete mkanda hujikusanya upande mmoja, ukawa kama kamba.

Usikaze boliti kwenye paipu tupu, itabonyea, na baada ya wiki mbili boliti itakuwa imelegea. Upande wa ndani wa kitanda toboa milimita 16, upande wa nje 10.5. Ingiza kipande cha bomba chenye kipenyo cha nje 16 na tundu la 10.5, urefu milimita 38.5, kigote kwenye ukuta wa upande wa pili. Funika upande wa ndani kwa bamba la pili la milimita 5. Tumia boliti za M10 (nene milimita 10) za daraja 8.8, yaani chuma kigumu, na nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea zenyewe.

Kingo za mwanya usiziache kama zilivyotoka kwenye msumeno. Zipige tupa hadi ziwe mviringo kama ubavu wa penseli, kisha pitisha pamba kavu mara kadhaa. Nyuzi zikinasa mahali, hapo mkanda utakatika siku moja, au kidole cha muuguzi kitachanika. Fanya hivyo kabla ya kupaka rangi, na urudie baada ya rangi kukauka.

Sasa jambo ambalo waliokupa kazi huenda hawakulitaja, nalo lina uzito kuliko unene wa chuma: bamba likae kwenye sehemu ya kitanda inayosogea. Kama kitanda kina mgongo wa kuinuliwa kwa hendeli, kamwe mkanda wa kiwiliwili usifungwe kwenye fremu ya chini isiyosogea. Mgongo ukiinuliwa, mkanda unakaza kifua. Ukishushwa, unalegea, mgonjwa anateleza, na mkanda unapanda kuelekea shingoni. Bamba la mkono liwe usawa wa nyonga, ili mkono ulale kando ya paja. La mguu liwe kwenye kipande cha miguu. Na lisiwekwe kwenye miguu ya kitanda wala karibu na magurudumu.

Kuhusu kufungua: hakuna kufuli, hakuna ufunguo. Bizimu iwe ya kubonyeza, kama ya begi la shule lakini imara, ikae nje, chini ya usawa wa godoro, sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye bangili ya kitambaa inayozunguka mkono au mguu wa mgonjwa. Hapo mgonjwa haifikii, na muuguzi anaifikia bila kupiga magoti. Kabla ya kukabidhi, mfunge mwenzako mikono na miguu, uzime taa, umpe muuguzi mmoja kazi ya kumfungua. Akizidisha nusu dakika, badilisha mpangilio. Moto ukizuka wodini, hiyo nusu dakika inazidishwa mara idadi ya waliofungwa.

Kwa kupima nguvu, pindua fremu juu chini kwenye vigoda, maana mgonjwa anavuta kwenda juu, ukaning'inize mifuko 5 ya saruji ya kilo 50 kwenye kila bamba kwa dakika 5. Kisha laza fremu ubavu, urudie. Boliti isisogee, paipu isibonyee, mwanya usipanuke. Kilo 250 zinaonekana nyingi, lakini mvuto wa ghafla wa mtu mzima unazidi sana uzito wa kutulia.

SWALI: Kwetu hakuna mikanda. Tunatumia bandeji, tunafunga kwenye reli ya pembeni kwa sababu ndiyo iko karibu. Juzi mgonjwa alivimba kiganja. Tulikosea wapi? — Muuguzi, Kakamega

JIBU: Mlikosea mahali pawili. Bandeji nyembamba ikivutwa hujisokota ikawa uzi, na nguvu zote zinaangukia mstari mmoja wa ngozi, juu ya mishipa. Bangili iwe na upana wa angalau sentimita 5, yenye sponji ndani, na vidole viwili vipite kati yake na ngozi. Pili ni reli yenyewe. Mtu akiishusha ili ambadilishe mgonjwa shuka, mkono unavutwa nayo, na kuna vifundo vya mkono vilivyoteguka hivyo. Fungeni kwenye fremu inayosogea na mgonjwa. Kama hakuna bizimu, tumieni fundo la kufyatuka kwa kuvuta ncha moja, kama la kamba za kiatu. Ukilazimika kutumia meno kulifungua, hilo si fundo la hospitali.

Mgonjwa asilazwe kifudifudi akiwa amefungwa, kwa maana pumzi inabanwa. Alale chali, kichwa kimeinuliwa kama nyuzi 30, asije akapaliwa na matapishi. Akichachamaa sana, mwangalieni kila dakika 15: rangi ya vidole, joto, mapigo, anavyohema. Kila baada ya saa 2 fungueni kiungo kimoja kimoja, kinyooshwe, apewe maji, apelekwe msalani. Marekani kanuni za hospitali zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, zinaweka kikomo kwa kila amri ya kumfunga mwenye vurugu: saa 4 kwa mtu mzima, saa 2 kwa wa miaka 9 hadi 17, saa 1 kwa aliye chini ya hapo. Hata pasipo na sheria kama hiyo, andikeni kwenye jalada saa ya kufunga na saa ya kufungua. Ukurasa usio na saa ndio unaomwacha mtu amefungwa hadi zamu ya asubuhi.

Nanyi pia pimeni nafasi kati ya nondo za reli. Mwongozo wa vitanda uliotolewa Marekani mwaka 2006 unataka isifike milimita 120, kwa sababu zaidi ya hapo kichwa cha mtu mzima hupita. Kati ya 1985 na mwanzo wa 2009, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko ilipokea taarifa 803 za watu walionasa kwenye vitanda vyenye reli. Waliokufa ni 480. Mgonjwa aliyefungwa kiunoni yuko hatarini zaidi: miguu ikipita kwenye mwanya, mkanda ndio unaomning'iniza.

SWALI: Mama yetu anateleza kwenye kiti cha magurudumu. Tumemzungushia khanga kifuani na mgongo wa kiti. Ni sawa? — Binti, Tanga

JIBU: Ifungueni leo. Akiteleza, khanga inabaki na yeye anashuka, mpaka inafika kooni. Mkanda unaofaa hupita chini ya tumbo, juu ya nyonga, na kushikwa pale kikalio kinapokutana na mgongo wa kiti, ukiwa na mwinamo wa nyuzi 45 hadi 60 kutoka kwenye kikalio. Kabla ya mkanda, tazameni kwa nini anateleza. Mara nyingi kikalio kimebonyea katikati, au vikanyagio viko chini mno na miguu inaning'inia. Pandisheni vikanyagio hadi mapaja yalale sawa, wekeni ubao wa plaiwudi wa milimita 9 chini ya sponji, kisha mwangalieni kwa saa moja akiwa ameketi bila kufungwa.