Nikishika gitaa, maneno yanayeyuka

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 61, na huu ni mwezi wa nane tangu nianze kujifunza gitaa. Nikiwa bafuni naimba wimbo mzima bila kukosea. Nikishika gitaa, ubeti wa kwanza unakwenda vizuri, wa pili unayumba, wa tatu sikumbuki hata neno la kuanzia. Nikiweka karatasi mbele yangu, vidole ndivyo vinavyopotea. Ni uzee huu? – Mstaafu

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 57, kwa hiyo ugonjwa wako naujua. Siku ya kwanza kuimba mbele ya watu niliimba ubeti wa pili, nikaurudia, kisha nikafungia wimbo kwa huohuo. Aliyegundua ni mjukuu wangu peke yake, na hajanyamaza hadi leo.

Umri una mchango wake, sikudanganyi: kufanya mambo mawili kwa pamoja kunazidi kuwa kugumu kadiri miaka inavyosogea. Lakini hata kijana wa miaka 20, kama bado anahama kodi kwa kufikiri (kodi za gitaa, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa na kulia pamoja, si zile za serikali), maneno yatamkimbia. Akili inayotafuta kidole cha pete kikae uzi wa ngapi haina nafasi ya kutafuta neno. Bafuni mikono haikuulizi chochote.

Basi vitenganishe kwanza. Maneno yajue hadi uweze kuyasema bila tuni, kama unayemsimulia mtu, huku mikono ina kazi nyingine. Mimi huyasema nikikunja nguo. Nikikwama katikati ya shuka, najua hapo sijui. Wala usikimbilie karatasi. Ngoja kidogo, lilazimishe neno lije, likikataa ndipo uchungulie. Kusoma mara kumi kunakufanya ujione unajua, ila neno hukaa pale unapojiuliza na kujijibu. Vidole navyo vizungushe kodi peke yake, bila wimbo, hadi uweze kupiga huku unaongea na mtu.

Ubeti wa tatu, samahani, hujausahau: hujawahi kuukariri. Kila ukikosea unarudi mwanzo, si ndiyo? Basi wa kwanza umeshaupiga mara mia na wa tatu labda kumi. Anza na wa mwisho. Ukiiva, panda kwa wa pili, ushuke nao hadi mwisho. Hapo kila unavyosonga mbele unaelekea mahali unapopajua.

Wakati wa kuunganisha, tafuta silabi. Tuseme mshororo ni "Nilikuona ukipita mlangoni". Wengi huandika kodi juu ya neno zima, kisha mkono unachelewa. Mimi hupigia mstari silabi yenyewe: ukiPIta, na kodi ya G inaingia kwenye PI. Piga mara moja tu hapo, uziache nyuzi zilie, uendelee kuimba hadi silabi inayofuata yenye kodi. Madoido ya mkono wa kulia yatakuja baadaye. Utaimba polepole hadi ujicheke, lakini silabi na kidole vitaanza kuitana.

Na usijirundikie yote siku moja. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia mwenyewe majaribio ya kukariri silabi zisizo na maana, akayachapisha mwaka 1885. Aliona marudio 38 aliyoyagawa katika siku tatu yamemfaa sawa na 68 ya siku moja. Kwa hiyo dakika 15 kila jioni.

Karatasi usiitupe kwa mkupuo. Uandike upya wimbo kwa mkono, ukibakiza neno la kwanza la kila mshororo. Juma linalofuata, neno la kwanza la kila ubeti. Mimi bado nina kikaratasi cha maneno matatu, nimekibandika ubavuni mwa gitaa, upande ninaouona mimi peke yangu.