Tairi kubwa, difu ileile: hesabu ya kufanya kabla hujagusa meno

Tangu matairi yabadilishwe, gari limekuwa zito. Kilima kilichokuwa kinapandwa kwa gia ya tano sasa kinaomba ya nne. Kwenye foleni ya Ubungo klachi inanuka, na ukikanyaga mafuta linatoa moshi mweusi kabla halijaondoka. Mwenye gari anapeleka nozeli zikapimwe, anabadili chujio la dizeli, na wapo wanaomshauri afunge turbo kabisa. Kumbe injini ni nzima. Kilichobadilika ni hatua ya gari: tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na injini ileile inalisukuma kwa meno yaleyale ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu magurudumuni.

Uwiano wa difu ni idadi ya meno ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ikigawanywa kwa meno ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 ni difu ya 4.1: propela shafti, ule mhimili unaoleta nguvu kwenye difu, inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Nyingine unazokutana nazo sana kwenye Toyota ni 43 kwa 10 (4.3), 41 kwa 9 (4.556), 39 kwa 8 (4.875), na kwa upande wa pili 41 kwa 11 (3.727). Namba ikiwa kubwa, hiyo ni difu ya nguvu. Ikiwa ndogo, ni difu ya mbio. Watu huchanganya hapa, wakadhani namba kubwa ni spidi kubwa.

Chukua mfano wa gari lililokuja na matairi ya 265/70R16. Kipenyo chake kwenye karatasi ni milimita 777. Mwenyewe akafunga 285/75R16, ambayo ni milimita 834. Gawanya 834 kwa 777 unapata 1.073, yaani kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kama difu ni 4.1, kwa injini sasa ni kana kwamba umefunga difu ya 3.82. Kurudi ulipotoka, zidisha 4.1 kwa 1.073: unahitaji 4.4. Hiyo dukani huipati, kwa hiyo unachagua kati ya 4.3 na 4.556.

Tuweke mizunguko ya injini, maana ndiyo utakayoiona kwenye dashibodi. Tuseme gia ya tano ina uwiano wa 0.85, gari linakwenda kilomita 100 kwa saa, na tairi linabonyea kidogo kwa uzito, kiasi cha asilimia 3 ya mzingo wake. Kwa matairi ya zamani na 4.1 injini inazunguka kama 2450 kwa dakika. Kwa matairi makubwa na 4.1 inashuka hadi 2290. Ukiweka 4.3 inafika 2400, ukiweka 4.556 inafika 2540, na kwa 4.875 inapanda hadi 2720. Weka uwiano wa gia za gari lako mwenyewe ndipo uamue. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na simu ndani ya dakika tano, na inaokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la bei ya spea.

Uamuzi wetu kwa gari la mfano huu ni 4.556 ikiwa lina mzigo wa kudumu juu (hema, tenki la ziada la dizeli, bampa la chuma) au linapanda mlima wa Kitonga mara kwa mara. Kama ni gari la Dar hadi Chalinze na kurudi, likiwa tupu, 4.3 inatosha. 4.875 kwa tairi la 834 ni kupitiliza, isipokuwa gari linaishi kwenye matope. Tena ujue kwamba pinioni ya meno 8 ni nyembamba kuliko ya meno 10, hivyo ndiyo inayokatika mapema ukiikanyagia mafuta gurudumu likiwa limenasa.

Na kama matairi yako bado ni ya kiwandani, acha difu kama ilivyo.

Swali ambalo kila mtu anaanza nalo ni mafuta. Jibu halifurahishi: difu haileti mafuta ya bure. Inachofanya ni kuirudisha injini pale inapofanya kazi vizuri. Chukua injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 iliyojaa kwenye Land Cruiser za kazi. Nguvu yake kubwa ya kuvuta ni Nm 285, na inapatikana kwenye mizunguko 2200. Kwa mfano wetu wa juu, ukienda kilomita 80 kwa saa na matairi makubwa na 4.1, injini iko kama 1830, chini kabisa ya hapo. Barabara ikiwa tambarare na gari tupu, hakuna shida. Unaweza hata kuokoa kidogo kwa sababu msuguano ndani ya injini umepungua. Kikija kilima au upepo wa mbele, unazamisha mguu, dizeli inaingia nyingi kuliko hewa ya kuichoma, moshi unatoka, joto la gesi linapanda, halafu unateremsha gia na kukaa kwenye ya nne kwa kilomita nzima. Hapo ndipo mafuta yanapopotelea.

Gari la otomatiki linaumia kwa namna nyingine. Likishindwa kushika gia ya juu, kile kifungo cha ndani ya torque converter (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kinaachia kila mara, na oili ya giaboksi inachemka. Mtu analaumu giaboksi, wakati chanzo ni matairi.

Upande wa petroli kuna tofauti kidogo. Injini ya petroli ikivuta hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, inapoteza nguvu kwa kuvuta tu, na difu ya nguvu inaifanya izunguke zaidi huku mlango huo umefungwa zaidi. Kwa hiyo kuweka difu ya nguvu kwenye gari la petroli lenye matairi ya kawaida kutakuongezea matumizi barabarani, bila mjadala. Na difu yoyote utakayoweka haitaondoa ukinzani wa hewa, ambao unakua kwa kipeo cha pili cha spidi. Gari lililonyanyuliwa, lenye keria na tairi la ziada juu, likipunguza spidi kutoka 110 hadi 90 litaokoa mafuta kuliko seti yoyote ya meno.

Sasa jambo linaloharibu ulinganisho wa watu karibu wote: odomita. Kwenye magari mengi ya zamani spidomita inasoma kutoka kwenye transfa, boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ukifunga matairi makubwa bila kugusa difu, inaposoma kilomita 500 umeshatembea 536. Ukijaza lita 62 unagawanya kwa namba ya dashibodi, unapata kilomita 8.1 kwa lita, unalia kwamba matairi yamekula mafuta. Kwa kilomita halisi ni 8.6. Halafu unafunga 4.556, spidomita inaanza kuzidisha kwa asilimia 3 hadi 4, namba inapendeza, na unawaambia wenzako difu imeokoa mafuta. Yote mawili ni makosa ya odomita.

Pima hivi. Jaza fulu tenki, pampu ileile, gari limeegeshwa upande uleule, na kama ni dizeli subiri povu litulie ndipo uongeze. Tembea si chini ya kilomita 400 ukirekodi umbali kwa GPS ya simu, kisha jaza tena vilevile. Fanya mara tatu kabla ya kubadili difu na mara tatu baada yake, kwa njia zilezile. Safari moja haisemi kitu.

Kosa hilohilo la spidomita ndilo linalowafanya watu wapigwe tochi. Kwenye kibao cha 50, dashibodi inasoma 50 kumbe gari liko karibu 54. Magari mapya yanayosoma spidi kwenye magurudumu hayabadiliki kwa difu, kwa hiyo kosa la tairi linabaki hata ukifunga meno mapya. Tena kwenye magari hayo kompyuta hulinganisha spidi ya giaboksi na ya magurudumu. Zisipooana inaweza kuwasha taa na kuvuruga gia za otomatiki, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna mtu wa kurekebisha programu yake.

Kwa wanaotafuta mwendo wa kutambaa kwenye mawe, difu ni njia ya gharama kubwa kwa faida ndogo. Gia ya kwanza ya 4.0, loo (gia ya polepole ya transfa) ya 2.5 na difu ya 4.1 zikizidishwa ni 41. Kwa mizunguko 1000 ya injini na tairi la 834 unakwenda kilomita 3.7 kwa saa. Weka 4.556, unashuka hadi 3.3. Lakini ukiacha difu na kubadili gia za loo ndani ya transfa hadi 4.0, unapata 2.3, na mwendo wa lami haujaguswa. Wenye Suzuki Jimny, ambayo loo yake ni kama 2.0 tu, wafikirie transfa kabla ya difu. Mchanga wa fukwe za Kigamboni ni habari nyingine kabisa: pale unataka gurudumu lizunguke bila kukatika. Kabla hujatumia shilingi, shusha upepo hadi psi 16 au 18 uone.

Kabla ya kununua, hakikisha uliyonayo, kwa sababu magari yaliyotumika yameshapitia mikono mingi. Weka kabari magurudumu ya mbele, transfa na giaboksi zikae nyutro, achia breki ya mkono, nyanyua gurudumu moja la nyuma na kuliegemeza kwenye stendi. Weka alama ya chaki kwenye propela shafti. Zungusha gurudumu mara 20. Kwa sababu la pili limesimama, krauni imezunguka mara 10, kwa hiyo propela ikizunguka mara 41 ni 4.1, mara 43 ni 4.3, mara 45 na nusu ni 4.556. Difu yenye loki ya kudumu au LSD (difu inayobana magurudumu yasipishane sana kuzunguka) nyanyua magurudumu yote mawili na uyazungushe pamoja mara 10.

Mbele na nyuma lazima zilingane. Ukiweka 4.3 nyuma na 4.1 mbele, ukiingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu ekseli zinavutana, na kitakachokatika ni transfa au propela. Gari la 4x4 ya wakati wote, kama Land Cruiser 80 nyingi, lisitembezwe kabisa katika hali hiyo. Tofauti ya 4.10 na 4.11 haina neno. Kumbuka pia kwamba kwenye hiyo 80 difu ya mbele ni ndogo na meno yake yamekatwa kinyume, kwa hiyo krauni ya nyuma haiendi mbele.

Kariakoo na Gerezani utapata njia mbili: seti mpya ya krauni na pinioni, au difu nzima ya mtumba ikiwa kwenye nyumba yake. Kwa ekseli za Toyota ambazo difu hutolewa mbele kama bonge moja, mtumba ni chaguo la busara kama meno hayajaliwa na mchezo (ule uwazi mdogo kati ya meno ya krauni na ya pinioni) bado ni ule wa kiwandani. Hesabu meno pale pale dukani, hesabu michirizi ya shafti, zungusha kwa mkono usikie kama beringi zinakwaruza. Ukinunua seti mpya, angalia namba zilizochongwa: krauni na pinioni lazima ziwe na namba inayofanana. Zilisagwa pamoja kiwandani, hazitenganishwi.

Nunua kwa mara moja beringi mbili za pinioni, mbili za pembeni, sili ya pinioni, nati mpya, boliti mpya za krauni, slivu ya kusinyaa (bomba fupi kati ya beringi za pinioni linalobanwa na nati) na shimu (pete nyembamba za kupangia nafasi) za unene tofauti. Fundi asiye na saa ya kupimia mchezo (dial gauge) na spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, usimpe kazi hii, hata kama amefunga difu miaka 20. Krauni inachemshwa ndani ya maji hadi nyuzi 100 hivi ili ikae bila kugongwa kwa nyundo. Boliti zinafungwa kwa msalaba, kwa toki ya kitabu cha gari, na gundi ya kufungia nati. Mchezo wa meno kwa difu ya inchi 8 ya Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18.

Halafu rangi. Paka meno machache ya krauni, zungusha pande zote mbili huku ukizuia krauni, usome alama ya pale meno yalipogusana. Alama ikikaa juu kwenye ncha ya jino, pinioni iko mbali: ongeza shimu. Ikizama kwenye shina, iko ndani mno: punguza. Kila ukibadili shimu unapima mchezo upya, ndiyo maana kazi nzuri inachukua siku nzima. Nati ya pinioni inakazwa taratibu mpaka beringi zifikie ukazo unaotakiwa. Ukipitiliza, slivu imeshasinyaa. Usilegeze nati kuirudisha, toa slivu weka nyingine. Mvumo unaokuja baada ya wiki mbili, na pinioni inayotikisika, vingi vinaanzia hapa.

Oili ni GL-5, 80W-90 au 85W-90. Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 hadi 20 bila kukimbiza, kisha liache lipoe nusu saa, rudia mara mbili tatu. Usivute trela wala kubeba mzigo mkubwa kabla ya kilomita 800. Zikitimia, mwaga oili yote na uangalie sumaku ya kizibo. Uji mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha vinamaanisha difu inafunguliwa siku hiyohiyo.