Kuizunguka Aisilandi kwa gari

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi na mume wangu tutakwenda Aisilandi mwezi wa saba, tuizunguke kwa gari. Siku sita zitatosha? Na tukodi gari gani?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba. Siku sita ni chache mno, wekeni kumi. Barabara Namba 1 inayozunguka nchi ina kilomita 1,322, ndefu kuliko reli ya Kigoma hadi Dar es Salaam, na mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami, 80 kwenye changarawe. Kusini pekee, kuanzia maporomoko ya Skógafoss hadi ziwa la barafu la Jökulsárlón, kunastahili siku tatu bila haraka.

Kwa majira hayo gari dogo linatosha, ilimradi msiingie barabara zenye herufi F. Hizo ni za milimani, hutaka gari linalovuta magurudumu yote manne, na baadhi hukatiza mito isiyo na daraja. Maji yakiingia kwenye injini, kwa kawaida bima hailipi.

Upepo nao msiudharau. Egesheni pua ya gari ikielekea upepo unakotoka, na mlango ushikwe kwa mkono tangu unapofunguka; ukikuponyoka, bawaba hupinda na gharama ni yenu.

Kule huendesha upande wa kulia, taa zikiwaka hata mchana. Kwenye daraja jembamba linalopitisha gari moja tu kwa wakati, aliye karibu nalo zaidi hutangulia. Pampu nyingi za mafuta hazina mhudumu, hivyo bebeni kadi ya benki yenye namba ya siri. Viza ni ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ombeni mapema.