Fulana Iliyoandikwa "Dope"

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 17 na yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita alinunua fulana ya mtumba pale Karume, ambayo kifuani imeandikwa neno moja tu kwa herufi kubwa: DOPE. Jirani yangu, aliyewahi kuishi ng'ambo, aliniita pembeni akanieleza kwamba maana yake ni dawa za kulevya. Nilipomuuliza mwanangu alicheka, akasema, "Mama, hiyo ni kusema kitu kikali tu." Fulana nimeifungia sandukuni. Kati ya hao wawili, ni nani mkweli? (Mama wa Temeke)

JIBU: Mama, wote wawili ni wakweli, ila kila mmoja amekueleza kipande chake.

Neno hilo, ambalo hutamkwa takriban "doupu", liliingia katika Kiingereza cha Marekani katika karne ya 19 kutoka Kiholanzi, ambako "doop" ni mchuzi mzito wa kuchovyea, na asili yake ni kitenzi cha kuchovya. (Kitenzi hicho hicho ndicho Waholanzi hukitumia kwa kubatiza, kwa hiyo katika ukoo wa neno hili wamo pia watu wa kanisani.) Kutoka kwenye mchuzi, jina likahamia kwa vitu vingine vizito vya majimaji. Ndege za mwanzo zilipokuwa na mabawa ya kitambaa, hata ile rangi iliyopakwa ili kitambaa kikaze na kisipitishe upepo iliitwa "dope".

Kasumba (yaani afyuni, dawa ya kulevya) iliyotayarishwa kwa kuvutwa nayo ilikuwa uji mzito, mweusi, wa kunata, na ndiyo maana kufikia mwisho wa karne hiyo Wamarekani walikuwa wameipa jina hilo hilo. Baadaye likaenea kwa heroini, bangi na kila kilevi cha aina hiyo. Hapo ndipo alipo jirani yako. Mtu mzito wa kuelewa naye aliitwa "dope". Kwenye mashindano ya farasi, ambako watu walikuwa wakiwapa farasi dawa kwa siri, aliyejua ni farasi yupi amepewa alikuwa na habari yenye thamani kuliko fedha, na inaelezwa mara nyingi kwamba ndivyo neno lilivyopata maana ya habari za ndani. Matokeo yake ni kwamba mcheza na maneno anaweza kukwambia kuwa "dope" mmoja alimpa "dope" kuhusu "dope", akimaanisha kwamba mjinga fulani alimpa habari za ndani kuhusu dawa za kulevya, na asiwe amekosea sarufi.

Maana ya mwanao ndiyo changa zaidi. Ilienea katika miaka ya 1980 kupitia vijana weusi wa miji ya Marekani waliokuwa wakiimba na kucheza hip hop, ambao walilichukua neno la kitu hatari wakalipindua liwe sifa: wimbo "dope", viatu "dope", yaani vizuri kupita kiasi. Wachapishaji wa fulana wanauza maana hii, ingawa sina shaka kwamba harufu ya ile maana ya zamani huwasaidia kuuza.

Usidhani kwamba ni ukorofi wa Wamarekani peke yao. Hapa Dar es Salaam kijana akimsifu mchezaji mpira husema "yule ni hatari", au "ni noma", au "ni balaa", na hakuna anayekimbilia polisi. Wewe mwenyewe, bila shaka, umewahi kumsifu fundi cherehani kuwa ni mkali, ukatumia neno lile lile unalolitumia kwa pilipili, kwa jua la Januari na kwa mbwa wa jirani. Hata kasumba niliyoitaja hapo juu imetuhama: leo tukisema mtu ana kasumba ya kikoloni hatumaanishi kwamba anavuta chochote. Na unga je? Ukimtuma mtoto dukani akanunue unga, hujamtuma kwa mateja.

Kwa hiyo fulana peke yake haimshtaki mwanao wala haimtetei. Kama una wasiwasi juu ya mwenendo wake, uangalie mwenendo wenyewe: usingizi, fedha zinazopotea, marafiki anaowaficha. Ningekushauri umrudishie fulana yake, kwa sharti kwamba asiivae mbele ya wakubwa wanaoijua ile maana moja tu, akiwemo jirani yako.

SWALI: Je, neno hilo lina uhusiano wowote na "doping" ya wanariadha tunayoisikia redioni? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Ndiyo, ni mtoto wa neno hilo hilo, kwa njia ya wale farasi. Kilichofanywa kwa farasi kilikuja kufanywa kwa wanadamu. Wasikilizaji wa umri wangu wanamkumbuka Ben Johnson wa Kanada, aliyeshinda mbio za mita 100 mjini Seoul mwaka 1988 kwa sekunde 9.79, akanyang'anywa medali siku chache baadaye vipimo vilipoonyesha dawa iliyopigwa marufuku. Mwaka 1999 likaundwa shirika la dunia la kupambana na udanganyifu huo, lenye makao yake Montreal.

Wahandisi nao wanalo. Kuchanganya silikoni na chembe kidogo sana za boroni au fosforasi, ili umeme upite jinsi wanavyotaka, wao pia hukuita "doping", na bila kazi hiyo redio uliyosikilizia habari za mwanariadha isingetoa sauti.