Ndiyo, naishi mji wa dhambi, ila bata ni la wageni

Wa nyumbani Sinza, salamu. Mama mdogo, shikamoo. Tangu juzi mnanirushia ile orodha ya WalletHub, wale Wamarekani wa mambo ya fedha ambao kila mwaka huipanga miji ya kwao kwa dhambi, na Las Vegas imezoea kukaa kileleni. Mama mdogo ameshtuka, anauliza nimeangukia mji gani. Vijana mmefurahi, mnauliza mje lini. Na yule mzee wa pale kona analalamika kwamba Dar imeonewa, kwamba ingepimwa kwa haki Vegas ingeambulia nafasi ya pili. Nawajibu wote kwa mpigo, maana hizo sauti zenu ndefu siwezi kuzisikiliza nikiwa kazini.

Mzee, Dar haikuonewa. Orodha ni ya miji ya Marekani tu. Halafu angalia wanavyohesabu: wana mafungu saba, hasira, wivu, kupindukia, uchoyo, uzinifu, majivuno na uvivu, na kila fungu lina vipimo vyake. Uhalifu wa kujeruhi watu sawa, uweke kwenye hasira. Lakini majivuno yanapimwa, pamoja na mengine, kwa wingi wa saluni za urembo ukilinganisha na idadi ya watu. Kwa hesabu hiyo, hapo Sinza kutoka Kijiweni mpaka Mori hatuponi. Uvivu wanapima hadi muda wa kukaa mbele ya televisheni. Shangazi zangu na tamthilia zao za Kituruki moja kwa moja motoni.

Kwenye uchoyo wanahesabu kasino kwa idadi ya wakazi, na hapo ndipo Vegas inapobambikiwa kesi. Kaunti yetu ina watu kama milioni mbili na ushee. Wageni wanaoingia kwa mwaka ni kama milioni 40. Kasino zimejengwa kwa ajili yao, mambo wanafanya wao, Jumapili wanapanda ndege wanarudi kwao kuwa watu wazima wenye heshima, na sisi tunabaki kuandikiwa dhambi.

Mimi dhambi nazijua kwa kuzifagia. Nafanya usafi kwenye ukumbi wa kasino moja, zamu ya usiku. Nasukuma toroli langu, namwaga visahani vya majivu (humo ndani kuvuta sigara ruksa), nafuta bia kwenye zulia, nakusanya glasi. Ukutani huoni saa wala dirisha, saa kumi alfajiri ni sawa na saa tatu usiku. Mtu unayemkuta muda huo si yule kijana wa kwenye sinema mwenye suti na warembo wawili. Ni bibi wa rika la bibi yenu, amevaa ndala, ana kadi ya uanachama iliyofungwa kwa kamba ya plastiki ya kujikunja, upande mmoja umechomekwa kwenye mashine ya sloti na mwingine umebanwa kwenye blauzi. Kwa mbali utadhani katundikiwa dripu. Nafuta mashine ya kushoto kwake, nafuta ya kulia, hanioni.

Mjomba mmoja, simtaji, kaniuliza pembeni kuhusu wale dada wanaojiuza. Mjomba, sheria ya jimbo la Nevada imeharamisha biashara hiyo kwenye kaunti yetu. Nyumba zenye leseni zipo kaunti za porini huko, unaendesha saa nzima jangwani ndipo uzikute. Hata ile barabara yenye mataa mnayoiona kwenye picha, sehemu yake kubwa haimo ndani ya mipaka ya jiji la Las Vegas. Imo kwenye kitongoji kinachoitwa Paradise, yaani Peponi, na si utani wangu, ndivyo kilivyosajiliwa.

Kitu kibaya cha mji huu hakina mataa mengi. Kamari ilihalalishwa hapa mwaka 1931 na imeenea mpaka jikoni. Unaenda supamaketi kununua mchele na maziwa ya mtoto, mlangoni mashine za sloti zimepangwa. Unajaza mafuta, zipo. Unashuka uwanja wa ndege, hujachukua hata begi, zipo. Mgeni anakuja na hela aliyoitenga apoteze, ikiisha anaondoka. Mkazi analipwa Ijumaa na njia ya kurudi nyumbani inapita dukani. Kuna Mbongo mwenzetu, fundi mzuri tu wa viyoyozi, aliyekuwa akisimama "dakika mbili" akitoka kazini. Gari likaenda, kisha kodi ya nyumba ikawa shida, sasa amehamia Texas na simu zetu hapokei. Na pombe hata hanywi.

Kwa hiyo mzee wa kona, nakupa ushindi ila kwa kipimo changu. Usiku wa Dar ni wa wenye mji. Pale Sinza Afrika Sana ukikaa, mchoma nyama anakujua unapenda mbavu, mhudumu anajua deni lako, na kigodoro, ngoma yetu ya mtaani, kikipigwa mtaa wa tatu utaenda hata kama hukualikwa. Hapa wakazi tunakaa mbali na mataa, vitongoji kimya, saa mbili usiku kila geti limefungwa. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta simjui jina. Pale barabarani bia moja inaweza kufika dola 12, zaidi ya shilingi 25,000, nani ana ubavu? Mimi tangu nije, bata lenyewe nimeliona nikiwa na fagio.

Vijana, siwakatazi kuja. Kazi za hoteli zenye chama cha wafanyakazi zinalipa vizuri, bima ya afya ipo, na jimbo halikati kodi ya mapato, ingawa serikali kuu inakata yake. Ila kodi ya chumba itakuchukulia sehemu kubwa, bila gari huendi popote, na joto mnalolalamikia huko Januari ni mzaha: Julai 2024 hapa ilifika nyuzi 48.9. Mkija, njooni mkijua mnakuja kuhudumia sherehe ya watu.

Mama mdogo, kuswali naswali. Ijumaa nikitoka zamu nalala kidogo, naamka nakwenda msikitini, na humo wamejaa madereva wa teksi, Wahabeshi na Wasomali, wote macho mekundu kwa usiku wa jana. Kwa hiyo tulia, mwanao hajapotea.

Na wewe mpwa wangu uliyecheka kuliko wote kwenye ile orodha, huku ukiniomba laki mbili "za kuongezea mtaji": mkeka wako wa kubeti wa Jumamosi nimeuona, umeuweka mwenyewe hadharani, timu kumi na mbili, na kwenye mashine za dubwi, hizo sloti zenu za mtaani, pale stendi nimeambiwa unashinda. Hela ya ada ya mdogo wako natuma wiki hii, na naituma kwa mama yako.