Luganville, Vanuatu: si lazima ujue kuzamia

Mkuu, umeuliza kama inafaa kufunga safari hadi Luganville, kisiwani Espiritu Santo, nchi ya visiwa ya Vanuatu katika Pasifiki, wakati hujui kuzamia na unachofuata ni mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Mimi nilikaa siku sita na mtungi wa hewa sijawahi kuuvaa maishani. Nenda.

Kutoka Port Vila, mji mkuu, ni mwendo wa ndege usiofika saa moja, ila acha siku mbili za akiba, ratiba za ndege za ndani hazina mwenyewe. Uwanja utakaoshukia, Pekoa, ulijengwa na Wamarekani kwa ajili ya ndege zao za mabomu. Mji una barabara kuu moja, pana mno kwa mji mdogo kiasi kile. Wenyeji husema kamanda alitaka malori manne yapite sambamba. Pembeni bado kuna mabanda ya mabati ya jeshi, yaliyopinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu na kulazwa kifudifudi. Katika mojawapo nilimkuta fundi anachomelea geti, wala hana habari kwamba yumo ndani ya makumbusho.

Wazamiaji wanafuata meli ya President Coolidge. Ilikuwa meli ya abiria ya kifahari, ikageuzwa ya kubeba askari. Tarehe 26 Oktoba 1942 iliingia kwenye mabomu yaliyotegwa baharini na Wamarekani wenyewe, kwa sababu nahodha hakupewa maelekezo kamili ya njia salama. Akaipandisha kwenye mwamba, na watu zaidi ya 5,000 wakatoka kabla haijazama. Waliokufa ni wawili tu. Mmoja, Kapteni Elwood Euart, alikuwa ameshasalimika, akarudi ndani kuwatoa waliokwama. Mnara wake uko ufukweni, na kwa sisi tusiozamia, pale ndipo mwisho wa kuifuata Coolidge.

Wewe siku yako itumie kwenye ufukwe wa Million Dollar Point. Vita vilipoisha, Wamarekani walitaka kuuza malori, tingatinga na mitambo yao kwa bei ya kutupa. Waingereza na Wafaransa, waliokuwa wakivitawala visiwa vile kwa ubia, wakavuta miguu, wakihesabu kwamba jamaa wakiondoka vyote vitabaki bure. Jamaa wakasukumia kila kitu baharini! Mimi husema huo ndio ubahili ghali kuliko wote niliowahi kuusikia.

Nenda maji yakiwa yamekupwa. Vyuma vinaanzia mchangani, hujalowa hata goti: ekseli, minyororo ya tingatinga, injini zilizoshikana na matumbawe mpaka hujui chuma kinaishia wapi. Baadaye maji yakianza kujaa, vaa miwani na mrija uelee juu yake taratibu. Niliona usukani umebaki duara tupu, samaki wadogo wa buluu wanaingia na kutoka katikati yake. Nilikaa pale juu mpaka mgongo ukababuka.

Ardhi ile ina wenyewe kwa mila, kwa hiyo kuna kiingilio. Beba vatu, pesa ya huko, taslimu, tena noti ndogo. Malaria ipo Santo, muone daktari kabla ya safari. Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga.

Jioni tafuta nakamali, vilabu vya kava, kinywaji cha mizizi kinacholegeza mwili. Taa ikiwaka nje, ujue ipo. Unapewa kwenye kifuu, unaimeza kwa mkupuo, unatema mate, unakaa kimya. Ladha ni ya tope lenye pilipili, na ulimi unakufa ganzi. Kifuu kimoja kilinitosha. Cha pili nilikinywa kwa aibu, nikarudi nimeshikiliwa mkono.

Na viatu! Mimi niliingia Million Dollar Point na ndala, bati likanichana unyayo kabla sijafika kwenye maji ya kiuno. Chukua viatu vya soli ngumu vya kuingilia majini, na chanjo ya pepopunda uchome huku huku kabla hujaondoka.